Gari ya gia ukiipaki: uiache na gia au handbreki inatosha? Baba na ami wamenigonganisha

Kirikuu_Fuoni

Asalaam alaykum wanajukwaa. Nisaidieni kabla sijagombana na wazee wawili kwa mpigo mmoja.

Nina kirikuu, hii Suzuki Carry ya gia, cc 660, mtumba kutoka Japani kama zetu zote. Nasambazia mboga na soda madukani, Fuoni, Mwera mpaka Tunguu. Mazoea yangu ni haya: nikifika navuta handbreki, naweka fri (yaani hakuna gia iliyoingia), nazima, nashuka. Miaka miwili sijaona tatizo, maana huku kwetu njia nyingi ni tambarare, hata usahau handbreki gari inakukalia hapo hapo.

Msimu wa karafuu nikaivusha Pemba kwa meli, ami yangu wa Chake alitaka nimsaidie kubeba magunia. Siku ya tatu nikaipaki kwenye mteremko, mkia wa gari umeelekea chini, handbreki juu, nikaingia msikitini kuswali alasiri. Natoka, gari haipo nilipoiacha. Imerudi kinyumenyume kama hatua kumi na tano, imepita juu ya jamvi la karafuu zilizoanikwa pembeni mwa njia, imekwenda kuegemea mnazi. Alhamdulillahi hapakuwa na mtoto. Karafuu nyengine zimesagika, nyengine zimeingia mchanga, na mwenyewe, bibi mtu mzima, kasimama mikono kiunoni ananiangalia bila kusema neno. Bora angenitukana.

Ami akanisomesha pale pale: "Gari haiachwi fri, mwanangu. Gari inaachwa na gia." Nikashika. Niliporudi Unguja nikawa naacha namba moja kila mahali, hata uwani kwetu.

Wiki iliyopita mdogo wangu kataka kuchaji simu kwenye gari. Hakuingia ndani. Kasimama nje, kapitisha mkono dirishani, kazungusha ufunguo mpaka mwisho. Gari ikaruka mbele ikaipiga baraza ya nyumba. Bampa limepasuka, taa moja imekwenda. Muda mchache kabla, watu watatu walikuwa wamekaa pale pale wanacheza bao. Baba katoka na mswaki mdomoni: "Nani kaacha gari na gia?" Sasa amri ya nyumba ni kwamba gari haiachwi na gia abadan. Na ami kwenye simu anasema nikiiacha fri nisivuke nayo Pemba tena.

Baba kaendesha teksi mjini, ami kaendesha lori. Wote wanajua gari kuliko mimi. Nimsikilize nani?

PweziMkavu

Nunua oto, weka P, kalale.

Kirikuu_Fuoni

@PweziMkavu ninunulie wewe, magunia nitabeba mwenyewe.

Fundi_Amani

Wa alaykum salaam. Baba yako anazungumza habari ya kuwasha gari, ami yako anazungumza habari ya kuipaki. Hawagombani, wewe ndiye umewaweka kwenye kesi moja.

Tuanze na Chake. Gari ikiwa fri, kinachoizuia ni handbreki peke yake. Na handbreki ya kirikuu ni nini? Ni kebo ya chuma inayoanzia kwenye mkono hapo ubavuni mwako, inapita chini ya gari kwenye matope na maji ya chumvi, inakwenda kutanua brekishuu (vile vipande vinavyobana kwa ndani) kwenye dramu, zile ngoma za chuma za tairi za nyuma. Tairi za mbele haizigusi kabisa. Kebo ikitanuka, brekishuu zikiisha, au sili ya ekseli ikivujisha oili mle ndani, mkono utapanda vizuri na utakaa juu, lakini huku chini hakuna kinachoshikwa. Wewe unauona umesimama, unaridhika, unakwenda kuswali.

Ukitia gia, tairi za nyuma zinafungwa na injini: tairi, difu (inayogawa mzunguko kwa tairi mbili), propela (ule mtaimbo mrefu wa chini ya gari), giaboksi, klachi, injini. Tairi haiwezi kuzunguka bila kuikokota injini, na injini iliyozimwa haipendi kukokotwa, kwa sababu kila pistoni inayopanda inaigandamiza hewa iliyofungiwa juu yake. Sasa hesabu ndogo. Kwenye namba moja ya gari kama yako, tairi ikitaka kuzunguka mara moja tu, injini inabidi izunguke zaidi ya mara 15. Kwenye gia ya juu kabisa ni mara nne, tano hivi. Ndiyo maana gia ya kupakia ni namba moja au rivasi, basi. Nimewahi kuletewa gari iliyogonga ukuta, mwenyewe anaapa aliiacha na gia. Kweli aliiacha. Namba nne.

Ila na ami asikuambie gia inatosha. Hewa ile inavuja. Ringi za pistoni hazizibi kama kizibo cha chupa. Kwenye mlima wa kweli, gari iliyoachwa na gia bila handbreki inaweza kusogea nusu hatua, ikasimama, ukanywa chai, ikasogea tena. Na injini iliyochoka, hii inayokula oili na kutoa moshi, ndiyo inaachia upesi. Kwa hiyo vuta handbreki kwanza, gia iwe msaidizi wake.

BintiMwera

Fundi samahani. Mimi nimejifunza mwaka jana tu na mwalimu wetu alisisitiza kwamba kuacha gia kunakula meno ya giaboksi. Nimeshika hivyo mpaka leo. Alitudanganya?

Fundi_Amani

@BintiMwera meno hayo hayo ndiyo yanayoipandisha gari na magunia kutoka bandarini Mkoani mpaka juu. Yashindwe kuishika ikiwa imelala?

Ila nadhani najua alichokuwa anakikimbia mwalimu wako. Kuna watu wanatia gia, wanazima, wanaachia breki ya mguu, gari inateremka kidogo inaangukia kwenye gia, *kdu*, halafu ndiyo wanakumbuka handbreki. Hapo uzito wote umekaa kwenye giaboksi. Asubuhi unataka kuitoa ile gia inakung'ang'ania mpaka mtu aisukume gari.

Fanya hivi. Mguu uko kwenye breki, vuta handbreki. Weka fri. Sasa ondoa mguu polepole, uiachie gari iegemee handbreki. Ikitulia, kanyaga klachi, tia gia, zima, achia klachi. Ikisogea, usishuke! Umeshajua kama handbreki yako ni mgonjwa, na umejua ukiwa ndani ya gari, hujatoka msikitini.

BintiMwera

Nimekwenda kujaribu sasa hivi hapa nje. Imetulia. Ila hapa kwetu hata maji hayateremki.

Utingo_Mstaafu

Nyie vijana mnabishana gia na handbreki, jiwe mmelisahau.

Mie nimefanya utingo kwenye lori la mbao miaka ya 1980, Konde na Chake, abiria, ndizi, mbuzi, wote humo humo. Dereva wangu hakuwa na haja ya kuniita. Akipunguza tu kwenye mlima mie nisharuka, kabari mkononi, kipande cha mwembe nilichokichonga mwenyewe. Lori lilikuwa na handbreki? Ilikuwepo, kama pambo. Gia tulitia. Lakini hakuna abiria aliyekubali kushuka mpaka asikie nimegonga kabari.

Na kabari ina kanuni zake, yakhe. Inawekwa upande wa kule gari inakotaka kwenda, na inagusa tairi kabisa. Ukiacha nafasi ya kiganja, gari inapata mwendo kidogo, inaipanda, inaivuka, na wewe umesimama unaangalia. Jiwe la mviringo halifai, linabingirika pamoja na gari. Tafuta lenye uso bapa. Na wakati wa kuondoka usiingize mkono kulitoa. Dereva akae, akanyage breki, asogeze gari juu kidogo, jiwe litajiachia lenyewe, ndiyo uliokote. Namjua mtu ana vidole vitatu kwa sababu ya haraka.

Na huo mlima wa Chake uliopaki naujua vizuri. Hapo hata punda anatafuta pa kuegemea.

Kirikuu_Fuoni

Mzee @Utingo_Mstaafu shikamoo. Umenikumbusha kitu. Tulipopakia gari melini, baharia alinipigia bodi na kiganja, akaniambia "tia gia, vuta breki, shuka", halafu mwenzake akaja na kabari mbili akazisukumia chini ya tairi. Nikajua ni mambo ya meli tu, kwa vile bahari ya Nungwi inavyochafuka. Kumbe nilipewa somo zima kabla sijafika Mkoani na sikulisikia.

Utingo_Mstaafu

Marahaba. Meli ni mlima unaobadilika badilika.

Dereva_Kizimkazi

Mimi nachukua wageni na Noah ya oto kwa hiyo nilikuwa napita tu, lakini mbona hakuna aliyetaja usukani? Mlimani tairi za mbele hazitakiwi kunyooka. Sisi tunaendesha kushoto, ukingo uko kushoto kwako. Ukipaki umeelekea chini, kata usukani kushoto, gari ikiponyoka inakwenda kujigonga ukingoni, haiendi barabarani. Ukipaki umeelekea juu na pana ukingo wa zege, kata kulia: gari ikirudi nyuma, tairi ya mbele inaukalia ukingo. Pasipo na ukingo, kama njia nyingi za shamba, kata kushoto hata ukiwa umeelekea juu, mkia utaingia majanini.

Ile ya juu na ukingo inawachanganya watu wengi. Chukua gari ya kuchezea ya mtoto ujaribu mezani, utaona.

PweziMkavu

Haya narudi na swali la maana safari hii. Nimesikia kanuni kwamba umeelekea juu tia namba moja, umeelekea chini tia rivasi. Ina msingi au ni maneno ya barazani tu?

Taimingi_Belti

Ina msingi na ina hatari. Fikirini: umeelekea juu, namba moja, gari ikiponyoka inarudi nyuma, kwa hiyo injini inazungushwa kinyume. Umeelekea chini, rivasi, gari inakwenda mbele, injini inazungushwa kinyume vile vile. Kanuni yote ni kuizungusha injini kinyume na mwendo wake. Na injini ya belti ya taimingi, ile inayofungua na kufunga valvu kwa wakati wake, haitakiwi kuzungushwa kinyume, kile kikaza belti kiko upande wa ulegevu, ukigeuza mzunguko ulegevu unahamia upande mwengine na belti inaweza kuruka jino. Ikiruka, kwenye baadhi ya injini valvu zinagongana na pistoni. Kwa hiyo mimi nafanya kinyume: juu rivasi, chini namba moja.

Fundi_Amani

@Taimingi_Belti hesabu yako ya mzunguko ni sahihi, na maonyo hayo kuhusu belti yapo kwenye vitabu vya baadhi ya watengenezaji. Sibishi.

Lakini jua ile kanuni ya wazee inataka nini. Injini ya dizeli ya zamani, yenye pampu ya kimakenika, haihitaji umeme kuchoma mafuta, joto la mgandamizo linatosha. Ikizungushwa kwenye mwendo wake na mafuta hayajafungwa vizuri, inaweza kuwaka yenyewe ikaondoka na gari. Ikizungushwa kinyume, uwezekano huo ni mdogo mno. Ndiyo asili ya maneno hayo. Petroli iliyozimwa kwa ufunguo haina plagi inayochoma, haiwaki ikizungushwa upande wowote.

Namba moja na rivasi kwenye gari nyingi zinakaribiana kwa nguvu ya kushika. Mimi nafuata ya wazee kwa mazoea. Na kama injini yako inazungushwa na mlima wakati umepaki, belti si tatizo lako la kwanza.

Taimingi_Belti

Hapo umenipiga bao. Ila mimi naendelea na yangu.

Nungwi_Pwani

Nataka kuleta upande ambao watu wa mjini hawauoni. Msimsifu handbreki kupita kiasi kwenye visiwa hivi. Mimi nyumba yangu iko karibu na bahari mpaka kufuli la mlango linataka grisi kila mwezi. Masika ya mwaka juzi nilikwenda bara kumuuguza mama, wiki tano. Gari nikaiacha nje, handbreki imevutwa kisawasawa kama mtu mwenye akili. Narudi, nawasha, inawaka. Natia gia, naachia klachi, gari inainama mkia inakaa chini kama mbuzi aliyegoma kwenda sokoni. Tairi ya nyuma ya kushoto haizunguki, inaburuzika, imechora mstari mchangani.

Brekishuu zilikuwa zimegandana na dramu kwa kutu. Mvua, unyevu, chumvi, wiki tano zimebanana hazijatengana. Fundi aliigonga dramu kwa nyundo pembeni zamu kwa zamu mpaka ikaachia, na ilipoachia kitambaa cha brekishuu moja kikabaki kwenye dramu. Gharama ya brekishuu mpya, na siku nzima.

Toka siku hiyo nikijua naondoka zaidi ya siku chache: naiweka mahali tambarare kabisa, namba moja, jiwe mbele na jiwe nyuma, handbreki chini. Na ufunguo namwachia mke wangu na maneno haya haya: gari ina gia.

Kwa hiyo kwangu mimi jibu linategemea unaondoka kwa muda gani. Kwa swala ya alasiri, vyote viwili. Kwa mwezi mzima, gia na mawe.

Fundi_Amani

Naunga mkono. Ila TAMBARARE, watu wasije wakafanya hivyo Chake.

Teksi_Malindi

Kwa wenye gari zenye disiki nyuma ambako handbreki inabana disiki hiyo hiyo: ukitoka mwendo mrefu breki ni za moto, zimetanuka. Zikipoa zinasinyaa na mbano unalegea. Gari inaweza kukaa nusu saa halafu ndiyo ikaondoka. Ya dramu haina shida hiyo, dramu ikipoa inasinyaa kuelekea kwenye brekishuu. Ndiyo faida moja ya kirikuu.

Makangale_LandRover

Wenye Land Rover za zamani tusikilizane. Handbreki yetu haiko kwenye tairi. Iko kati ya gari, inashika propela hapo inapotoka kwenye giaboksi ndogo. Inashika vizuri mno, hata kwenye njia ya Ngezi mvua imenyesha. Tabu ni siku ya pancha.

Nilipaki, handbreki imevutwa, gia nimetia, nikapiga jeki tairi ya nyuma ya kulia. Ilipoachana na ardhi tu, gari ikateleza mbele ikaanguka kwenye jeki. Nilikuwa nimeshatoa mkono, namshukuru Mungu. Difu ndiyo inafanya hivyo: propela imefungwa, lakini tairi moja ikiwa hewani inaweza kuzunguka upande wake na nyengine ikazunguka kinyume, kwa hiyo ile iliyobaki chini ni kama haijashikwa na kitu. Gia na handbreki vyote vinapitia difu hiyo moja. Vyote vikawa bure kwa pamoja.

Jambo jengine, ile giaboksi ndogo ina mkono wake, ukiwa umekaa fri, unaweza kutia namba moja kwenye giaboksi kubwa na usishike chochote. Mkono unaonyesha umetia, tairi hazina habari.

Utingo_Mstaafu

Jiwe.

Makangale_LandRover

Ndiyo mzee. Jiwe. Sasa hivi nina mawili chini ya kiti.

Fundi_Amani

Kanta nyingi ndogo, yale malori madogo, nazo handbreki iko kwenye propela, nyuma ya giaboksi, tahadhari ni ile ile. Na wewe @Kirikuu_Fuoni usidhani umepona: handbreki yako iko kwenye tairi, kweli, lakini gia yako inapita kwenye difu. Ukiinua tairi moja ya nyuma, gia haishiki kitu.

BintiMwera

Mimi bado niko kwenye baraza iliyopigwa. Yule mdogo wako alitaka kuchaji simu. Kuchaji simu kunataka starta? Si unazungusha ufunguo kidogo tu, redio inawaka, unaacha hapo?

Kirikuu_Fuoni

Anasema alizungusha "kidogo" halafu ukampitia. Ana miaka kumi na saba, kila kitu kinampitia.

Teksi_Malindi

Watu hawajui starta ina nguvu gani. Ni mota ndogo ukiiona mezani, lakini kupitia namba moja inaisukuma gari nzima. Siku moja gari ilinizimikia katikati ya barabara Michenzani, mafuta yamekwisha, nikaitoa pembeni kwa starta tupu, namba moja, bila kukanyaga klachi. Betri inaumia, usifanye mchezo, ila gari inatembea. Ndicho alichofanya dogo bila kujua.

Fundi_Amani

Gari nyingi za gia za siku hizi zina swichi chini ya pedali, bila kukanyaga klachi starta haijibu. Kirikuu nyingi za zamani hazina. Fundi umeme anaweza kukufungia moja, si kazi kubwa.

Lakini swichi au bila swichi, tabia ni hii: hakuna kuwasha gari ya gia ukiwa nje ya gari. Unakaa, mguu wa kushoto unakanyaga klachi mpaka chini, mguu wa kulia breki, mkono unautikisa mkono wa gia kulia kushoto kuhakikisha ni fri, ndiyo ufunguo. Kila mara, hata kama umeshuka sasa hivi kununua vocha. Baba yako akikuona unafanya hivyo, hasira zitapungua. Huko kwenye teksi naamini ndivyo alivyofanya maisha yake yote, ila vitu ambavyo miguu inajua mdomo unasahau kuvisema.

PweziMkavu

Wengine wanafunga kitambaa kwenye usukani, gari ikiwa na gia. Rafiki yangu wa Jang'ombe anatumia kofia. Ukiona kofia ya kiua imevaa mkono wa gia, usiguse.

Nungwi_Pwani

Na mkewe akiifua ile kofia?

PweziMkavu

Hapo sasa, bao jengine.

Kirikuu_Fuoni

Wakubwa, narudi na majibu. Jumamosi nimeipeleka gereji. Nilimwambia fundi ahesabu mkono wa handbreki unapanda meno mangapi, ile milio ya krr krr ukiuvuta. Kumi na mbili! Karibu uguse dari. Akafungua dramu za nyuma. Ya kulia nzima, brekishuu zimeisha kiasi. Ya kushoto ndani imelowa oili, sili ya ekseli imekufa, brekishuu zinang'aa kama zimepakwa samli. Kebo nayo nyuzi tatu zimekatika kwa kutu pale inapopinda. Kwa hiyo siku ile Chake gari yangu ilikuwa imeshikwa na tairi moja, nusu nusu, juu ya mlima, na mimi niko rakaa ya pili.

Amebadilisha sili, brekishuu zote nne, kebo. Sasa inashika kwenye jino la sita. Nimeijaribu kama alivyosema @Fundi_Amani, fri, mguu juu, kwenye kile kipando cha kuingia gereji. Imeganda hapo hapo.

Baba nimemkalisha nikamwonyesha: handbreki, fri, ondoa mguu, klachi, gia, zima. Akaangalia mpaka mwisho, akasema "mbona ndivyo ninavyofanya mimi". Sasa hukumu yake mpya ni kwamba gari ikae na gia lakini ufunguo ukae kwenye msumari chumbani kwake, na mwenye simu akachaji ukutani kama watu. Swichi ya klachi nitafunga mwezi ujao, pesa imeishia kwenye ekseli.

BintiMwera

Na karafuu za yule bibi?

Kirikuu_Fuoni

Nilijua utauliza. Alipopepeta na kuchagua, zilizoharibika kabisa zilikuwa kilo tano. Tatu nimelipa taslimu, mbili akasema nimbebee magunia yake mpaka kituo cha kuuzia bila nauli. Nimebeba. Njia nzima alikaa mbele, na kila nikisimama anautazama mkono wa handbreki kabla hajashuka.

Ami nimempigia picha gari ilivyopaki leo nikamtumia. Gia imo, handbreki jino la sita, usukani umekatwa kushoto. Kaangalia muda mrefu, "anaandika, anaandika", nikajua dua inakuja. Ikaja:

"Jiwe liko wapi?"

Utingo_Mstaafu

Huyo ami yako ni mtu wa wapi? Mpe salamu zangu.